Rejeta Ndani ya Maziwa

Mke wa Fundi Ndoo alikuwa akiuza maziwa barazani kwake. Alfajiri alipanda baiskeli, akaenda kwa wafugaji nje ya mji, akarudi na makopo yamefungwa nyuma kwa mpira. Aliyachemsha maziwa, akayamimina kwenye pipa la bati, akakaa kusubiri wateja.

Asubuhi biashara ilikwenda vizuri. Jua likipanda, mambo yalibadilika. Nyumba yao ilikuwa na bati juu na bati ubavuni. Ikifika adhuhuri, ndani kulikuwa kama chungu kilichofunikwa. Maziwa yalianza kunuka uchachu. Baadaye yalikatika vipande vipande.

Wateja waliyarudisha.

"Mama, haya ni ya kunywa au ya kupaka ukuta?"

"Nisamehe, dada. Ni hili joto."

"Joto hata kwangu lipo. Nilikuja kununua maziwa."

Mumewe alifanya kazi pembeni ya baraza hiyo hiyo. Alikuwa fundi wa bati. Alitengeneza ndoo, karai, masanduku na mifereji ya mvua, na ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Fundi Ndoo. Kutwa nyundo yake ililia, ko, ko, ko. Lakini mkewe alipoinuka kwenda kumwaga maziwa, nyundo ilinyamaza. Fundi aliinamisha uso. Alijifanya anatafuta misumari.

Aibu ilimla polepole. Mke anaamka gizani, anakanyaga baiskeli mpaka magoti yanamuuma, halafu jasho lake linaishia mtaroni. Na yeye, fundi wa kusifiwa, yupo tu, anatazama.

Lakini tuseme lililo kweli. Aibu hiyo haikuwa ya kwake peke yake. Nyaya za umeme zilipita juu ya paa lake. Zilipita mtaa mzima bila kuteremka, zikaenda kwenye kiwanda cha barafu cha bwana mmoja mkubwa. Mashimo ya zile nguzo yalichimbwa na watu wa mtaa huo kwa mikono yao. Fundi Ndoo mwenyewe alichimba, akatoka malengelenge. Waliambiwa, chimbeni, mwaka ujao na nyinyi mtavutiwa umeme. Mwaka ujao huo sasa una mvi. Walioahidi wamesahau. Waliochimba hawajasahau.

Siku moja lori lilisimama mbele ya baraza, mvuke unatoka puani. Dereva alishuka anajipepea kwa kofia.

"Kaka, niazime ndoo ya maji. Rejeta imekauka."

"Hiyo rejeta kazi yake nini hasa?" Fundi Ndoo aliuliza.

"Inapoza injini. Bila rejeta, injini inachemka kama uji."

Dereva alijaza maji, akashukuru, akaenda zake. Fundi Ndoo alibaki amesimama na ndoo tupu mkononi. Kitu kinachopoza moto wa injini, alijiuliza, kitashindwa na maziwa?

Hakumwambia mtu. Alikuwa na sababu. Zamani kidogo aliwahi kutengeneza feni ya bati inayoendeshwa kwa pedali za baiskeli. Siku ya kuionyesha, feni ilichomoka, ikaruka ng'ambo ya barabara, ikatua kwenye bakuli la povu la kinyozi. Mteja alikimbia na ndevu upande mmoja. Tangu siku hiyo kinyozi hakumwita Fundi tena.

"Bwana Upepo," humwambia kila asubuhi, "leo unarusha nini, nifunge dirisha?"

Watu hucheka. Fundi Ndoo hucheka nao, lakini kicheko chake hakifiki machoni.

Kwa hiyo alikwenda kimya kimya kwenye yadi ya magari mabovu. Magari yalilala pale bila milango, mengine bila pua. Kwenye banda la mwisho alikaa mwanamke wa makamo, mikono ina masizi mpaka kwenye viwiko. Kazi yake ilikuwa kuziba rejeta zinazovuja. Watu walimwita Mama Rejeta.

"Karibu, kaka. Unatafuta nini?"

"Rejeta ndogo. Na kipampu cha kusukuma maji. Na feni."

"Ya gari gani?"

Fundi Ndoo alifungua mdomo aseme kweli. Nyuma yake mafundi wa gereji walikuwa wamekaa juu ya matairi wanakunywa chai. Mmoja wao alimtambua.

"Huyo ana gari? Huyo ana ndoo."

Kicheko kikapigwa. Masikio ya Fundi Ndoo yakapata moto. Akasikia mdomo wake unasema, "Ya shemeji yangu. Ana kigari kidogo."

Uongo wenyewe ulikuwa mdogo, wa kufunika uso tu. Mama Rejeta hakuwa na sababu ya kumshuku. Akamchagulia rejeta ndogo, ile inayokaa ndani ya gari kupasha joto. Akamchagulia pampu na feni. Halafu akamletea dumu la maji ya kijani.

"Mwambie shemeji yako asitie maji ya bomba. Kutu itaila rejeta. Atie haya."

Dumu lilikuwa na maandishi kila upande, madogo kama sisimizi, kwa lugha ya mbali. Palikuwa na onyo hapo. Aliyeliandika hakuwaandikia watu wa mtaa wa Fundi Ndoo. Wao wanauziwa dumu tu. Maana ya maneno hubaki huko yalikotoka.

Hawakulipana fedha. Mama Rejeta alitaka mfereji wa mvua wa banda lake.

"Mfereji utakuwa tayari," alisema Fundi Ndoo. "Nitakuletea."

"Usihangaike. Nitaupitia mwenyewe."

Nyumbani Fundi Ndoo alifanya kazi kama aliyeshikwa na homa. Alitengeneza tangi la bati, akalivika magunia yaliyoloweshwa. Mbele yake akaweka feni. Akaiunganisha feni na pampu kwenye betri ya gari, ile waliyokuwa wakiichajisha kwa ajili ya taa. Rejeta ndogo akaizamisha ndani ya pipa la maziwa. Mipira miwili ikatoka kwenye rejeta kwenda kwenye tangi na kurudi. Palipokuwa na ufa, aliziba kwa lehemu.

Kisha akataka kuhamisha yale maji ya kijani kutoka kwenye dumu. Alifanya kama wanavyofanya mafundi na madereva wote. Alitumbukiza mpira kwenye dumu, akauvuta kwa mdomo. Maji yalimjia kinywani. Akatema haraka. Halafu akasimama, akalamba midomo.

Yalikuwa matamu.

"Kumbe si makali," akajisemea. "Kama ni matamu, hayana neno."

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Aliuamini ulimi wake.

Mtambo ulifanya kazi. Feni ilivuma, magunia yalipoa, pampu ilinguruma kama paka. Adhuhuri ilifika, maziwa hayakukatika. Alasiri ilifika, bado mazima. Mkewe alichota kikombe, akanusa, akamtazama mumewe.

"Fundi."

"Naam."

"Leo simwagi kitu."

Alisema hivyo tu, akageuka upesi kufuta macho kwa kanga. Fundi Ndoo alihisi kifua kimepanuka. Nyundo yake siku hiyo ilipiga kama ngoma.

Na si hivyo tu. Baada ya siku chache wateja walianza kusifu.

"Mama, mnawalisha nini hao ng'ombe? Maziwa siku hizi matamu."

"Ni baridi hiyo," Fundi Ndoo alijibu kutoka pembeni, kwa sauti ya mtu anayejua. "Maziwa yakipoa vizuri, utamu wake unatoka."

Hata kinyozi alivuka barabara na kikombe. "Bwana Upepo, safari hii umepatia," alisema. Fundi Ndoo alijidai hakusikia, ili kinyozi arudie.

Wao wenyewe hawakuyanywa. Chai yao ilikuwa ya rangi, kama siku zote. Maziwa yalikuwa ya kuuza. Hivyo ndivyo wanavyoishi wanaowanywesha wengine.

Kitu kimoja tu kilimtatiza kidogo. Maji ya kijani ndani ya tangi yalikuwa yakipungua. Chini ya tangi palikuwa pakavu. Mipira ilikuwa mikavu. Alipapasa kila mahali, hakuona tone.

"Joto linayakausha," akasema. Akaongeza mengine kutoka kwenye dumu.

Siku ya pili yake Mama Rejeta alikuja kuchukua mfereji. Mke wa Fundi Ndoo alimpa kigoda. Mgeni aligeuza mfereji huku na huku, akausifu. Kisha akatazama uani.

"Na kigari cha shemeji kiko wapi? Nikitazame kama rejeta haivuji."

"Shemeji gani?" mke aliuliza.

Fundi Ndoo alikohoa. Alishika nyundo, akaiweka chini, akaishika tena. Mama Rejeta alikwisha kusikia mngurumo wa pampu. Aliufuata mpira kwa macho. Macho yakapanda kwenye tangi, yakateremka, yakaingia kwenye pipa jeupe. Akainuka polepole.

"Kaka, hiyo ni rejeta yangu?"

"Ndiyo."

"Imo ndani ya maziwa?"

"Ndiyo, lakini niliiosha kwa sabuni. Na maji hayagusani. Yanapita ndani ya rejeta, yanarudi."

Mama Rejeta alichungulia ndani ya tangi, akauliza, "Yamepungua?"

Fundi Ndoo aliinama, akajifanya anatafuta misumari.

"Nakuuliza, kaka. Yamepungua?"

"Yamepungua kidogo."

"Chini pamelowa?"

"Hapana."

"Basi yamekwenda wapi?"

Nyundo ilimtoka mkononi. Alitazama pipa. Akakumbuka utamu ule kinywani mwake siku ya mpira. Akakumbuka sifa za wateja.

"Yale maji ni sumu," alisema Mama Rejeta. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Utamu wake ndio ubaya wake. Mbuzi na paka huyanywa kwa sababu ya huo utamu, halafu hufa. Hata binadamu. Ulisema ni ya gari. Ungeniambia maziwa, ningekukatalia pale pale, ningekufukuza hata kwa fimbo."

Kabla hajamaliza, mtu alipiga hodi. Alikuwa jirani yao, mshonaji wa nguo, bado ana utepe wa kupimia shingoni. Mkononi alikuwa na kikombe.

"Jamani, nijazieni upesi. Mwanangu Kidoti hajisikii vizuri. Anatapika tangu asubuhi. Sasa hata kusimama hawezi, anapepesuka kama mlevi. Sijui kala nini. Nataka nimpe maziwa yaikate hiyo sumu."

Watu wa mtaa ule walifanya hivyo tangu zamani. Mtu akila kibaya, hupewa maziwa. Mke wa Fundi Ndoo alimtazama mumewe. Kata ilikuwa mkononi mwake, hewani.

Fundi Ndoo alitaka kusema. Ulimi ulikuwa mzito kama bati la unene wa kidole. Akilini aliona mtaa mzima unamtazama. Aliona kinyozi. Aliona jina lake linavyotafunwa.

"Yameisha," alisema.

Mshonaji alitazama pipa. Lilikuwa limejaa. "Yameisha vipi, kaka? Si haya nayaona? Kama ni malipo, nitaleta jioni. Mimi na nyinyi tumeanza lini kunyimana?"

Mkewe aliiweka kata chini.

"Mwambie, Fundi," alisema. "Nikimwambia mimi, utaishi vipi na mimi?"

Fundi Ndoo alivua kofia. Aliishika kwa mikono miwili kifuani.

"Dada, usimpe mtoto maziwa haya. Maziwa haya ndiyo yaliyomuumiza. Mna maji ya rejeta ndani yake. Nimeyatia mimi. Sikujua, lakini nimeyatia mimi."

Mshonaji hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga. Kikombe kilianguka, kikabingirika mpaka kwenye miguu ya Fundi Ndoo, na yeye akawa tayari anakimbia kurudi kwake. Walimfuata wote. Mama Rejeta alibeba lile dumu.

Zahanati ilikuwa na foleni mpaka nje. Fundi Ndoo alimbeba Kidoti mabegani, kichwa cha mtoto kimelala shingoni mwake. Nesi mkuu alikuja mlangoni.

"Kafanya nini huyu?"

Foleni nzima iligeuka. Wengi wao walikuwa wateja. Fundi Ndoo alisema kwa sauti, kwa kuwa angesema kidogo kidogo asingemaliza.

"Amekunywa maziwa tunayouza. Yamechanganyika na maji ya kijani ya rejeta ya gari. Kosa ni langu."

Mnung'uniko ulipita kwenye foleni kama upepo kwenye makuti makavu. Nesi hakuwa na wakati wa kumlaumu.

"Dumu lenyewe mnalo? Lete." Alisoma yale maandishi madogo kama sisimizi, akakaza uso. "Vizuri mmelileta. Ameanza kutapika lini? Mmempa kitu? Mmemtapisha kwa nguvu?"

"Hapana," alisema mshonaji. "Nilitaka kumpa maziwa."

"Sumu ya namna hii haikatwi na maziwa, wala mafuta, wala chumvi. Usimpe kitu, usimtapishe, mlete hapa mbio na chombo cha ile sumu. Basi. Sumu hii huanza kama ulevi. Mtu anapepesuka, anatapika, halafu anaonekana kama amepata nafuu. Kumbe imeshuka kwenye figo. Dawa yake ipo hospitali kubwa. Inataka kuwahiwa." Alikwisha kugeuka anaita gari. Kisha akamgeukia Fundi Ndoo. "Na wewe. Wengine wangapi wamekunywa?"

"Sijui."

"Basi nenda ukajue. Kila aliyekunywa aje, hata kama anajiona mzima."

Gari liliondoka na Kidoti na mama yake. Fundi Ndoo alirudi nyumbani. Aliingia ndani, akatoka na ndoo mpya, aliyokuwa ameimaliza asubuhi. Akachukua nyundo. Akatoka barabarani, akaanza kuigonga.

Ko, ko, ko.

"Jamani, maziwa ya kwetu msinywe. Yana sumu. Aliyekunywa aende zahanati sasa hivi. Msimwage mtaroni, mbuzi watakunywa. Yaleteni kwangu kwenye pipa lenye kifuniko."

Alipita nyumba hadi nyumba. Mkewe alitembea ubavuni mwake, amejifunika kanga mpaka karibu na macho. Mama mmoja alitoka na sufuria, akammwagia maziwa miguuni.

"Haya, yachukue. Wanangu wote wamekunywa. Wote. Unasikia?"

"Nasikia, mama. Tafadhali wapeleke zahanati."

"Unanifundisha wewe?"

Fundi Ndoo alizoa vumbi lililolowa kwa mikono, akalitia kwenye ndoo, akaendelea. Kila nyumba ilikuwa na neno lake. Neno lililomkata zaidi lilikuwa la bibi mmoja aliyemfungulia mlango kwa upole. "Nilidhani ni jirani," alisema, akaufunga.

Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni kwake, wembe mkononi. Fundi Ndoo alingoja mzaha. Haukuja. Kinyozi alifunga duka, akachukua karai lake la bati, akavuka barabara.

"Wewe kamata upande huu," alisema. "Mimi nakwenda kule kwa nyuma. Wewe wengine hawatakufungulia."

Usiku ule Fundi Ndoo hakulala, lakini yale ya kitandani ni yake na Mungu wake. Tuseme lililoonekana. Wote waliokunywa walipimwa. Waliougua walitibiwa. Kidoti alikaa hospitali muda mrefu kuliko wote, figo zikitazamwa. Alirudi mwembamba, anatembea mwenyewe, ameshika sketi ya mama yake. Bwana afya alikuja kulichukua pipa la maziwa mabaya, akamfokea Fundi Ndoo mbele ya watu. Alikuwa na haki ya kufoka. Lakini bwana afya huyo alikuwa hajakanyaga mtaa ule tangu nguzo zilipochimbiwa.

Baraza lilibaki tupu. Mke wa Fundi Ndoo hakupanda baiskeli. Alikaa anashona matundu ya magunia. Hapo Mama Rejeta akaja tena.

"Nimekuja kuzungumza, si kulaumu," alisema. "Na mimi nililala vibaya. Nilitoa dumu lenye sumu bila kusema neno sumu. Nimezoea kuuza kwa wenye magari, nikadhani kila mtu anajua. Hebu niambie, ulitaka nini hasa?"

Safari hii Fundi Ndoo alisema kweli yote. Joto. Maziwa kumwagwa. Lori. Mpaka feni iliyoruka kwa kinyozi. Mama Rejeta alicheka kidogo hapo, akaomba radhi.

"Sikiliza. Rejeta haitengenezi baridi. Inahamisha joto tu. Injini ni moto kuliko hewa, kwa hiyo rejeta inautupa ule moto kwenye hewa. Maziwa yako si moto kama injini. Kilichokusaidia wewe ni yale magunia yenye maji na ule upepo. Maji yakikauka juu ya gunia, yanaondoka na joto. Kama vile ukitoka kuoga halafu upepo ukupige."

"Basi rejeta ilikuwa ya nini?"

"Ya kukuletea sumu tu. Na si yale maji peke yake. Hata ukiiosha mwaka mzima, imeungwa kwa lehemu yenye madini ya risasi. Risasi ni sumu ya polepole, na watoto ndio huumia zaidi. Kilichotoka kwenye gari kisiguse chakula wala maji ya kunywa. Si rejeta, si mpira, si dumu lililobeba mafuta."

Fundi Ndoo alitazama ndoo zake zilizopangwa ukutani. "Na hizi? Naziunga kwa lehemu."

"Za kuogea na kufulia, sawa. Ya maziwa au maji ya kunywa, usiiunge kwa lehemu hiyo. Mama anunue makopo ya maziwa yenyewe, yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo."

Walijenga upya, wote watatu. Mke ndiye aliyetoa wazo la sanduku. Fundi Ndoo alitengeneza sanduku la bati refu, likajazwa maji safi matupu. Makopo ya maziwa yalisimama ndani ya maji hayo, vifuniko vimebanwa, shingo ziko juu. Pampu ilipandisha maji juu, yakadondoka taratibu kwenye magunia yaliyoning'inia. Feni ikayapuliza magunia. Maji yakarudi sandukuni yamepoa. Hata pampu ikivuja, maji yake hayawezi kuingia kwenye maziwa.

"Pampu na feni umeviosha?" aliuliza Mama Rejeta.

"Nimeviosha, mbali na mtaro. Maji machafu nimekurudishia kwenye dumu."

"Vizuri. Feni ivalishe wavu, mtoto asitie kidole. Karibu na betri weka fyuzi, nyaya zikigusana ikatike fyuzi, nyumba isiungue. Na betri isikae chumba mnacholala, inatoa hewa mbaya ikichajiwa."

"Na mimi nitayachemsha kwanza, kama kawaida," alisema mke. "Baridi haiui uchafu."

"Umesema. Na usiyauze ya jana. Sanduku hili litakufikisha jioni. Si friji."

"Friji tunalo," alisema mke, akaonyesha nyaya juu ya paa. "Liko kule kwa bwana mkubwa."

Kwa mara ya kwanza tangu siku ile, mumewe alicheka.

Mama Rejeta hakutaka mfereji mwingine. Alitaka kitu tofauti. Fundi Ndoo alikata vibati vidogo, akavitoboa kwa msumari, tundu baada ya tundu, mpaka yakawa maneno. Herufi kubwa, za mtu anayeanza kusoma. Sasa kila dumu la maji ya kijani kwenye yadi limening'inizwa kibati shingoni:

SUMU. NI TAMU. USIONJE. USIVUTE KWA MDOMO.

Na mlangoni mwa banda lake kuna kibati kikubwa zaidi: SEMA KWELI UNATAKA KUFANYIA NINI. HATUKUCHEKI. Mafundi wa gereji wanaokunywa chai juu ya matairi husoma hilo kila siku. Yule aliyesema "huyo ana ndoo" ndiye aliyelipigilia.

Wateja hawakurudi haraka. Fundi Ndoo hakuwalaumu. Kila asubuhi, kabla mkewe hajauza, yeye alichota kikombe cha kwanza, akasimama ukingoni mwa baraza penye njia, akakinywa chote mbele ya wapitao. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Wengine walimpita wakitazama pembeni. Kinyozi alikuja wa kwanza kununua, kwa kelele nyingi, ili wengine wasikie. Baadaye akaja yule mama wa sufuria. Yule bibi mpole hakuja, mpaka leo hajaja.

Asubuhi moja mshonaji alisimama mbele ya baraza. Kidoti alikuwa nyuma yake, anachungulia. Mkono wa mshonaji ulishika kikombe kile kile, kimebonyea pale kilipoangukia.

Fundi Ndoo alisimama. Akachota, akanywa mpaka tone la mwisho, akageuza kikombe chake chini juu. Mshonaji alimtazama muda wote, bila kupepesa. Kisha akanyoosha mkono.

Mke wa Fundi Ndoo alijaza kikombe. Fundi Ndoo akamnong'oneza, "Muongezee."

"Usiniongezee," alisema mshonaji. "Nipe kipimo changu, kama watu wote."

Alilipa, akamshika mtoto mkono, akaondoka. Fundi Ndoo alikaa chini. Baada ya kitambo akaokota nyundo.